Nyundo Namba Saba

Katibu wa kamati alikuja karakana kwangu amevaa fulana ya kijani yenye picha ya mche kifuani, na kabla hajafungua mdomo nilijua amekuja kwa ajili ya nani. Siku hizi mji mzima unavaa kijani. Watu ambao baba zao waliuita msitu shamba la nguruwe, na ambao wenyewe waliugeuza mbao, leo ukivunja kijiti cha kuchokolea meno wanakutazama kama umeua mtu. Mimi sina ugomvi na msitu. Ugomvi wangu ni na midomo.

"Fundi, habari za kazi?"

"Kazi ipo. Karibu, ila usikae hapo, gundi haijakauka."

Akabaki amesimama. Ni mtu mpole, mnene kidogo, anayetaka kila mtu apatane na kila mtu, na watu wa namna hiyo ndio wanaonichosha kuliko wote. Akaeleza alichotumwa. Baada ya majuma mawili, siku ya Jumamosi, lango jipya la msitu lingefunguliwa na kupewa jina la Mzee Miche, mpanda miti wa mji. Wageni wangekuja kutoka mbali na shule zote zingepanga mistari. Kamati ilitaka kumpa mzee zawadi ya mti, na bahati nzuri ule mninga mkubwa wa kando ya chemchemi ulikuwa umeangushwa na dhoruba. Bwana Misitu, afisa mpya, alikwisha kutoa kibali utumike.

"Tumefikiria kiti," akasema Katibu. "Kiti cha heshima."

Nikakubali upesi, bila hata kuuliza mikono ya kiti wanaitaka namna gani. Mtu wa kushuku angeshuku. Nilikuwa nimeamua papo hapo kwamba mguu mmoja wa nyuma nitauunga kwa ulimi mfupi na gundi ya kubabaishia, ili Mzee Miche akae mbele ya wageni, apunge mkono, kisha aende chini miguu juu. Ni kisasi cha kitoto, najua. Lakini nilianza kukingoja nikiwa mtoto.

Baba yangu alikuwa mlinzi wa msitu ule. Walimwita Bwana Nyundo kwa sababu ya nyundo ya serikali aliyotembea nayo kiunoni, yenye namba saba ndani ya duara upande wa kupigia. Mti ukikomaa na kuruhusiwa kukatwa, alichonga gome kifuani pa mti mpaka weupe uonekane, akagonga mara moja, na ile saba ikabaki imezama. Mti usio na saba haukuguswa. Ndiyo ilikuwa sheria, na baba aliishika kama mtu aliyeshika kisu upande wa makali. Hakuwa malaika. Alimnyang'anya mjane mzigo wa kuni njiani, nami nikiwa nimemshika mkono, na mpaka leo naukumbuka uso wa yule mama. Enzi hizo msitu ulikuwa adui wa watu. Walisema haulipi ada ya shule, haulei mtoto, kazi yake kufuga nguruwe wanaokula mihogo yao. Kwa hiyo aliyeulinda alikuwa adui pia, na mke wake, na mimi mwenye miaka tisa.

Asubuhi moja watu kama mia nne walikuja nyumbani kwetu, pale ukingoni mwa msitu. Mbele yao alikuwa kijana mwenye sauti nzuri aliyeitwa Shoka. Ndiye huyu huyu Mzee Miche. Jina limebadilika, sauti ni ile ile. Alimwambia baba kwamba msitu sasa ni wa wananchi, akanyoosha mkono na kumtoa nyundo kiunoni kama anayechuma embe. Baba alimtazama tu. Tulishuka barabara ya mchanga na vitu vichache kichwani, na mawe yakatufuata. Moja lilimpata mama kifundo cha mguu. Anachechemea mpaka leo.

Tulikwenda kwa mjomba, mwendo wa siku mbili, baba akawa anafyatua matofali. Huku nyuma malori yakaanza kupanda msituni. Wakati huo msitu haukuwa tena shamba la nguruwe, ulikuwa maendeleo. Kila nyumba ilipata dari, kila nyumba ilipata mlango. Miaka minne baadaye serikali ilipouliza nani aliidhinisha miti mia mbili na kumi ikatwe, Shoka alijibu kwa ile sauti yake kwamba miti yote ilikuwa na saba. Mlinzi, akasema, aliigonga yote kabla hajafukuzwa, ili aiuze. Na kufukuzwa kwenyewe kulikuwa ni kumfumania. Wao walikata tu kilichokwisha kuhukumiwa. Nyundo je? Nyundo hakuna aliyeiona. Watu mia nne, macho mia nane, na hakuna aliyeiona.

Mama alirudi peke yake kumwomba Shoka aseme ukweli. Shoka alikuwa amemaliza kujenga, na nyumba yake ilikuwa na mlango wa mninga ambao watu walikwenda kuutazama kama sinema. Mama aligonga tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Ndani alisikia watu wanakohoa na vijiko vinagonga sahani. Hakuna aliyefungua. Baba alifungwa miaka mitatu, akatoka na kikohozi, akaishi miezi minne. Tukarudi kukaa kwenye kiwanja cha bibi mzaa mama, kwa kuwa hatukuwa na kwingine, na nimekua katika mji huu nikiitwa mtoto wa mwizi wa msitu na watu waliolala chini ya mbao za msitu.

Kisha chemchemi zikakauka, wafadhili wakaja na kofia, na Shoka akawa wa kwanza kushika mche. Huyo mtu angezaliwa samaki, angeujua mkondo kabla ya maji.

Basi trekta likaleta shina la mninga karakana. Nilikuwa nafanya kazi na Mzee Vumbi, mpasuaji mbao, tuliyekunywa naye chai ya birika moja kwa miaka tisa. Kumpa jina hilo ilikuwa lazima, kwani hata nyusi zake zimejaa unga wa mbao. Siku hiyo hakuwa na utani. Alilizunguka lile shina mara mbili, akasimama upande wa chini palipokuwa na shimo kubwa la kuingia mbuzi, akasema kwa sauti ndogo, "Bado ulikuwepo."

"Nani?"

"Mti. Basi, tukate."

Akawasha msumeno wa mnyororo, akakata shina kwa mapana, pale panapofika kifua cha mtu mti ukiwa umesimama. Kipande cha kwanza kilipoanguka, kando karibu na gome palikuwa na mstari mweusi, na kipande kidogo cha nje kikabanduka kama ukoko wa chungu. Nikakiokota. Upande wake wa ndani kulikuwa na saba iliyotuna, imegeuzwa kama kwenye kioo. Nikatazama pale kilipobandukia. Weupe wa zamani uliochongwa kwa panga ulikuwa umegeuka kijivu, na katikati yake, ndani ya duara, saba ya baba yangu.

Nikakaa juu ya gogo. Kwanza nilifurahi kama mtoto, nikapitisha kidole humo ndani nikifikiri mkono wake umepita hapa. Mti ulikuwa umeponya kidonda na kukifunika na mbao mpya, mwaka juu ya mwaka. Halafu ufundi ukanirudia. Kama mti umefunika, basi umeandika umefunika kwa miaka mingapi. Kwetu kuna masika moja na kiangazi kimoja kirefu, kwa hiyo mninga unaongeza duara moja kwa mwaka. Nikachukua pini, nikaanza kwenye gome, nikahesabu kuelekea kwenye kovu.

Thelathini na moja. Nikarudia. Thelathini na moja. Nikahamia upande wa pili wa kovu, ikawa hiyo hiyo.

"Mzee Vumbi," nikasema, "baba yangu alifukuzwa miaka mingapi iliyopita?"

"Thelathini na nne. Si unajua."

"Na nyundo hii imegonga lini?"

Akazima msumeno, ingawa haukuwa unakata kitu. Akakaa chini kabisa, kwenye unga wa mbao.

"Mimi nilikuwa nachonga gome," akasema. "Aliyekuwa anagonga ni yeye, Shoka. Tulitoka nayo kila siku ile nyundo, imefungwa kwenye gunia. Huu tulipokwisha kuugonga tukaona lile shimo, akasema uacheni, utatoa mbao mbovu. Ndiyo maana ukabaki."

"Miaka tisa tunakunywa chai, mzee."

"Najua, mwanangu."

"Usiniite mwanangu."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, nilikuwa na patasi mkononi na nilitaka. Badala yake nilimwambia kwamba Jumamosi ya sherehe atakaa mstari wa mbele, amevaa shati safi, na nikimtazama atasimama. Akasema yeye ni mzee sasa. Nikamwambia hata baba angekuwa mzee. Ndipo akaniambia jingine, bila kuulizwa, macho chini: benchi ninalopigia randa, alilokuja nalo siku alipoanza kazi kwangu, lilitoka kwenye miti ile ile. Miaka tisa nilikuwa nafanyia kazi juu ya kesi ya baba yangu. Nilikwenda nikaondoa vyombo vyangu juu ya benchi kimoja kimoja, nikaviweka sakafuni.

Nyumbani nilimkuta mama anachambua mchele mlangoni. Nilimweleza pole pole, nikijiandaa kusikia habari za subira na kumwachia Mungu, maana mama yangu ana umri wa miaka sabini na tano na watu wa umri huo wanatarajiwa kusamehe. Akasikiliza mpaka mwisho. Akatupa jiwe moja dogo uani.

"Utampa kiti?"

"Meza. Hicho kipande kizima. Nitamwachia ahesabu mwenyewe, mbele ya watu."

Mama akatikisa ungo, akafikiri.

"Basi piga msasa vizuri," akasema. "Macho yake hayaoni sana siku hizi."

Nikamwambia Katibu kwamba kiti kimekuwa meza. Akafurahi mno, kwa sababu kila mtu anaijua tabia ya Mzee Miche. Hatembei bila kisahani chake cha msonobari, kipande cha shina kilichokatwa bapa. Akiingia shule yoyote huweka ukucha kwenye gome na kuhesabu miduara, watoto wakimwitikia, na mwisho husema, "Mti hausemi uongo, wanangu." Na baada ya hapo huwasimulia habari za mlinzi mwizi, ambaye wananchi walimfukuza na kuuokoa msitu. Amesimulia hivyo miaka mingi kiasi kwamba nadhani ameanza kuamini.

Nilifanya kazi ile kwa siku tisa, na sijawahi kufanya kazi kwa raha namna ile. Kipande kilikuwa na upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Gome nililiacha. Uso wote niliupiga randa ya kawaida, isipokuwa mkanda mmoja, upana wa kiganja, unaotoka kwenye gome mpaka kwenye kovu na kupita kidogo. Huo niliusugua kwa misasa minne na kuupaka mafuta mpaka kila duara likasimama peke yake, hata kipofu angelihisi kwa ukucha. Kile kipande kilichobanduka nikakirudisha mahali pake kama kifuniko, kikakaa bila ufa kuonekana kutoka mbali. Miguu minne niliifunga imara. Safari hii sikutaka meza ianguke.

Jumamosi ikafika na jua lake. Walikuwa wamejenga lango la mawe, na juu yake kitambaa cha kijani kimefunika jina. Viti vya mbele vya wageni, nyuma watoto, nyuma zaidi mji. Mama nilimkalisha kwenye kiti cha plastiki kando ya spika. Alikuwa hajaikanyaga barabara ile tangu siku ya mawe. Bwana Misitu, kijana mwembamba mwenye miwani aliyehamishiwa kwetu mwaka huo, alimwamkia vizuri, "Shikamoo, mama," bila kujua ni nani. Mzee Vumbi alikuja na shati safi. Alikaa mstari wa mbele, kama nilivyomwambia.

Hotuba zilipita. Wakatoa kitambaa kwenye meza, watu wakapiga makofi, na Mzee Miche akaja kwenye kipaza sauti. Ana ndevu nyeupe siku hizi, zinampendeza, siwezi kumnyima hilo. Akaizunguka meza, akaupapasa ule mkanda uliong'aa, macho yakamlegea kwa furaha.

"Wanangu," akasema, "mwajua mti huu umeona mangapi? Mwaka huu ni miaka thelathini na nne tangu sisi wananchi tumfukuze yule mlinzi aliyeigonga miti yetu kwa nyundo yake namba saba ili aiuze. Thelathini na nne. Haya, twende tukautafute mwaka ule. Mti hausemi uongo."

Sikuwa nimemwomba. Sikuwa nimemgusa. Alijipeleka mwenyewe.

Akaweka ukucha kwenye gome. "Moja," akasema, na watoto mia tano wakaitikia, "Moja!" Nilihesabu nao. Kumi, kumi na tano, ishirini. Wageni walikuwa wanatabasamu, mmoja anapiga picha. Ishirini na nane. Thelathini. Thelathini na moja. Ukucha ukaingia kwenye ufa wa kovu, akasita.

"Thelathini na mbili," wakaitikia watoto peke yao, kisha wakanyamaza kwa kuwa mzee amenyamaza.

Nikatoka kwenye mstari wa mafundi, nikasimama upande wa pili wa meza.

"Kuna nini hapo, mzee?"

"Kovu," akasema. Kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni mwake. "Mti uliumia kidogo."

"Mwaka wa ngapi?"

"Hapa... wa thelathini na moja."

"Umesema vizuri. Tuone uliumizwa na nini." Nikaingiza ncha ya patasi, nikainua kifuniko.

Bwana Misitu alikuwa karibu. Aliinama, akavua miwani, akaivaa tena. "Hii ni nyundo ya idara," akasema. "Saba. Kwenye daftari letu imeandikwa haikurudishwa." Hakuwa anazungumza na umati, alikuwa anajisemea, lakini spika hazichagui. Kisha akafanya hesabu ambayo mtoto wa darasa la tatu angeifanya, na wa darasa la tatu walikuwepo. Msichana mmoja mstari wa mbele akasema kwa sauti, "Sasa mlinzi aligongaje na alishafukuzwa?"

Mzee Miche hakuwa mjinga. "Kuna miaka ya ukame," akasema haraka, "mti huruka, hauandiki duara. Wataalamu wanajua."

"Juzi shuleni ulisema mti hausahau mwaka," nikamwambia. "Au ni huu tu uliosahau? Umesahau miaka mitatu, mzee, ile mitatu uliyokuwa unaihitaji?"

Kisha nikamtazama Mzee Vumbi. Nilimchukia kwa kila sekunde aliyobaki amekaa. Halafu akasimama. Hakupewa kipaza sauti, wala hakukihitaji.

"Mimi nilichonga gome," akasema. "Yeye akagonga. Mlinzi alikuwa kwa shemeji yake anafyatua matofali, na sisi sote tulijua. Nyundo aliitupa Shoka mwenyewe kwenye kisima cha shule siku polisi walipokuja."

Watu husema za mwizi ni arobaini. Huyu alipewa siku nyingi mno, lakini siku hiyo zilimwishia. Alifungua mdomo, ile sauti haikuja. Mkono wake ulikuwa bado juu ya meza, ukucha kwenye kovu, kana kwamba akiutoa atasahau alipofika. Nilimtazama mpaka nikatosheka, na sikutosheka upesi. Roho yangu ilisuuzika. Sitasema uongo kwamba nilimhurumia, wala kwamba nilijisikia mtupu baadaye. Nililala usingizi wa mtoto.

Kilichonikera ni mji. Kabla jua halijazama, kila mtu alikuwa amejua siku zote. Muuza duka alijua. Mwalimu mkuu alijua, alikuwa anangoja wakati mwafaka. Hata wale waliokuwa na mawe mikononi walinishika bega na kusema baba yako alikuwa mtu mkali lakini wa haki. Siku ya Jumatano Katibu akaja nyumbani na wazee watano wa kamati, wote wamevua kofia zao za kijani.

"Shikamoo, mama," wakasema.

"Marahaba. Mwenye kiti akae, asiye na kiti asimame."

Katibu akajikuna shingo. Kamati imekaa, akasema, imeonelea lango lipewe jina la marehemu. Yote matatu, jina lake, la baba yake na la babu yake. Wangependa Fundi achonge kibao. Na kama mama ana picha ya marehemu, wangeomba waiazime.

Nilikuwa na jibu tayari, na halikuwa jibu la kuandikwa. Miaka thelathini na nne ya jina la mwizi, na sasa wanataka picha. Mama akaniinulia kidole nikanyamaza.

"Picha hatuna. Ilibaki kule mlikotufukuza," akasema. "Kibao nakubali. Ila mbao nachagua mimi. Nataka mlango wa Shoka."

Hakusema Mzee Miche. Wazee wakatazamana.

"Mama, ule ni mlango wa nyumba ya mtu," akasema Katibu.

"Ule ni mti wa mume wangu. Na msilete kwa trekta. Mtaubeba ninyi, kwa barabara ile ya mchanga, ile mliyotushusha. Wewe Katibu ulikuwa mdogo, sikulaumu. Wewe," akamnyooshea mmoja kidole, "ulirusha. Na wewe ulirusha. Nilikuwa nawatazama."

Wakaondoka. Nilidhani wangerudi na maneno mengi na mlango wasiwe nao. Lakini hali ya hewa ya mji ilikuwa imegeuka, na ninyi mnajua watu wetu na hali ya hewa. Ijumaa asubuhi nilisikia miguu mingi nje ya karakana. Katibu na wale wazee watano walikuwa wameubeba mlango kama jeneza, jasho linawatiririka, unga wa barabara mpaka magotini. Bawaba zilikuwa bado zinaning'inia. Katibu akasema Mzee Miche hakuwabishia. Alikaa ndani akawaacha wafungue misumari, na mkewe akatundika shuka mahali pa mlango.

Wakaulaza juu ya farasi mbili za mbao, zile stendi za kupasulia, mahali benchi langu lilipokuwa, kwa sababu benchi nilikuwa nimekwisha kulipasua. Mninga ule ulikuwa mzuri, mwekundu, mkavu, bila nyufa. Nilichukua penseli na kipimo. Mama alikuwa ameletwa na jirani, akaingia anachechemea, akausogelea mlango, akaupapasa mpaka akaona tundu la kitasa. Wazee wakasogea nyuma kumpisha.

Akakunja vidole, akagonga mara tatu. Akangoja. Alingoja muda mrefu, kichwa ameinamisha kidogo kama mtu anayesikiliza kama kuna anayekuja, na hakuna mzee aliyethubutu kukohoa. Kisha akaondoa mkono, akaufuta kwenye khanga.

"Haya," akaniambia. "Sasa pasua."